Cheti cha Siku Kumi na Nne

Daktari aliandika siku kumi na nne,
akagonga muhuri, akanitazama juu ya miwani:
"Si za kufua mapazia, Skaidrite."
Alinijua. Mapazia nilikwisha kuyapangia Jumanne.

Miaka kumi na tisa naendesha tramu hapa Riga,
kutoka gulioni hadi mwisho wa reli, na kurudi.
Kichomi kilinikuta kitini, kati ya vituo viwili,
abiria wamejaa. Nilikohoa
mpaka kioo cha mbele kikaingia ukungu.
Sikusimama. Nilimaliza zamu.
Hilo nilikuwa nalisimulia kwa fahari
mpaka siku niliyolisikia likitoka kinywani mwangu, wodini,
kwa mwanamke wa kitanda cha pili,
naye akageukia ukutani.

Basi nimekuja huku msituni kwa Valfrids,
binamu ya marehemu mume wangu,
mtu anayetoa maneno kama anayalipia ushuru.
Theluji inaondoka kidogokidogo,
imebaki vivulini kama deni.
Siku ya kwanza nililala saa kumi na sita.
Ya pili, mguu wangu wa kulia ulikuwa chini ya meza
unatafuta breki.
Bakuli likagonga bakuli, nikatupa jicho kwenye kioo cha nyuma:
palikuwa na jiko tu, na paka.

Ya tatu Valfrids alichukua keekee na ndoo,
akaniambia, "Vaa."
Mibetula imesimama nyuma ya zizi,
magome meupe yamechanikachanika
kama tiketi za zamani mfukoni mwa koti.
Akautoboa mmoja, kimo cha kiuno, akapachika mrija.
Tukangoja.
Tone.
Nikahesabu hadi nne.
Tone.

Nilikuwa na mrija kama huo mkononi juzijuzi,
siku tano, usiku na mchana, chupa juu, mimi chini,
nikihesabu hivihivi.
Leo mti ndio chupa,
na sijui mgonjwa ni nani: ndoo, au mimi,
au Valfrids, aliyevua kofia bila sababu.

Maji yenyewe hayana rangi. Utamu wake ni wa mbali,
kama sukari iliyopita kikombeni ikaenda zake.
Nilikunywa glasi, nikaona nimedanganywa.
Nikanywa ya pili, nikanyamaza.

Kila mtu ameniambia ugua pole.
Mwanangu Ojars kwa simu, kelele za karakana nyuma yake: ugua pole, Mama.
Msimamizi wa zamu: ugua pole,
ila Jumatatu ya tarehe tisa hatuna mtu wa asubuhi.
Hakuna aliyesema
pona pole.

Siku ya tisa nilitembea hadi mtoni.
Mapafu yalilia kama kikapu kilichokaliwa.
Nikaketi juu ya gogo. Mahali fulani barafu ilipasuka,
na mimi, ninayejua dakika kwa harufu,
sikuuliza ni saa ngapi.
Sikuwa nampeleka mtu popote.

Jana Valfrids alichonga kijiti, akauchomoa mrija,
akaziba tundu, akagonga kwa nyuma ya shoka, polepole,
kama mtu anayebisha hodi kwenye chumba cha mtoto aliyelala.
"Ndoo haijajaa," nilimwambia.
Akaonyesha juu, kwenye matawi makavu.
"Yanatakiwa kule," akasema. "Majani."
Hayo yalikuwa maneno yake ya siku nzima.

Asubuhi hii nimempigia msimamizi.
Nimemwambia tarehe tisa sitakuja, wala kumi,
daktari ataandika tena.
Akauliza nina shughuli gani huko porini.
Nikatazama dirishani, mti na kijiti chake ubavuni,
umesimama, unafanya jambo lisiloonekana.
"Naziba," nikasema.
Simu ikanyamaza. Niliiacha inyamaze.

Mapazia kule nyumbani bado machafu.
Paka amelala juu ya cheti.